"Used to", "be used to" au "would": uchague ipi?

Dereva anayeomba kazi ya magari ya masafa marefu akiandika "I used to drive at night", amemwambia mwajiri kwamba zamani alikuwa akiendesha usiku na siku hizi haendeshi tena. Akiandika "I am used to driving at night", amesema amezoea safari za usiku, hazimpi shida. Akiandika "I am used to drive at night", kwa sarufi ya Kiingereza amejitaja kama chombo kinachotumika kuendeshea usiku. Mwajiri mwenye huruma atakisia alichokusudia. Mwenye rundo la barua mezani huenda asijisumbue.

Maneno ni yaleyale mawili, "used" na "to", lakini habari ni tatu na kila moja ina njia yake. Vitabu vya shule hufundisha kila matumizi katika sura yake. Mwanafunzi hufaulu zoezi la kila sura, kisha siku ya kuandika barua halisi akayachanganya yote. Kwa hiyo hapa nayaweka ubavu kwa ubavu, pamoja na majirani zake wawili ambao huwa tunawasahau: "would" na wakati uliopita wa kawaida.

Kitenzi kinachotuponza

Kinachotuponza sisi tunaowaza kwa Kiswahili ni kitenzi "kuzoea". Mtu husema "nilizoea kwenda Kariakoo kila Jumamosi", na mtu huyohuyo husema "nimezoea kelele za Kariakoo". Kitenzi ni kimoja. Kilichobadilika ni -li- na -me- tu. Kiingereza hapo hutenganisha njia kabisa. Sentensi ya kwanza ni "I used to go to Kariakoo every Saturday". Ya pili ni "I am used to the noise in Kariakoo".

Zitazame tena hizo mbili. Ya kwanza haielezi mtu anajisikiaje. Inasema safari zilikuwepo na sasa hazipo. Ya pili haisemi lolote kuhusu safari. Inaeleza mtu alivyo leo: kelele zipo palepale, ila yeye hazimsumbui. Uchaguzi wote unasimama hapo. "Used to" inazungumzia jambo, na jambo hilo limekoma. "Be used to" inamzungumzia mtu, na jambo lenyewe huenda linaendelea hadi leo. Kabla hujaandika, amua unataka kueleza kipi kati ya hivyo viwili.

Viambishi vyetu vinaweza kukusaidia, ukivisoma vizuri. "Nimezoea" karibu kila mara ni "I am used to". "Nilikuwa nimezoea" ni "I was used to", kama vile "I was used to the heat, so Muscat did not trouble me". "Nilizoea" ikifuatwa na kitenzi, kama "nilizoea kwenda", kwa kawaida ni "I used to". Lakini "nilizoea" ikifuatwa na nomino, kama "nilizoea baridi haraka", inakuwa "I got used to the cold quickly", maana hapo unasimulia jinsi mazoea yalivyoingia. Na mara nyingi zaidi, katika mazungumzo ya kila siku, "used to" yetu haina hata harufu ya "kuzoea": ni "nilikuwa nikienda", "tulikuwa tunakaa Tanga", "zamani alikuwa mnene". Hizo zote ni kazi ya "used to".

Jambo lililokoma

Umbo lake halina usumbufu. Nafsi zote hutumia "used to" ileile, na kitenzi kinachofuata hukaa kitupu, bila -ing wala -ed.

"Congo used to be called Zaire."

"Lagos used to be the capital of Nigeria."

"Pupils in Kenya used to sit the KCPE at the end of class eight."

Msomaji wa sentensi hizo anapata habari mbili kwa mpigo: kwamba jambo lilikuwepo, na kwamba sasa halipo. Huhitaji kuongeza "but not now". Jina la Zaire liliondoka mwaka 1997. Makao makuu ya Nigeria yalihamia Abuja mwaka 1991. KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ilifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Anayesikia "used to" anaelewa kwamba mambo yamebadilika hata kama hajui yalibadilika lini.

Nguvu hiyo ndiyo inayofanya maneno haya yawe ya hatari mkononi mwa asiyeyajua. Kijana anamwandikia mpenzi wake aliye masomoni Toronto, "I used to think about you every day", akikusudia kusema kwamba kila siku anamuwaza. Aliyepokea anasoma: zamani nilikuwa nakuwaza, sasa basi. Mfanyakazi anamwambia msimamizi mpya "My old boss used to trust me", akitaka kujisifu kwamba aliaminiwa. Msikilizaji anaanza kujiuliza ni kitu gani kiliharibu uaminifu huo. Kama jambo bado lipo, "used to" si mahali pake. Mwambie mpenzi "I think about you every day", na umwambie msimamizi "My old boss trusted me".

Kwa haki, maana hiyo ya kukoma inaweza kufutwa kwa makusudi. Mwingereza anaweza kusema "He used to live here, and for all I know he still does", yaani alikuwa akikaa hapa na huenda bado yupo. Lakini angalia alivyolazimika kuongeza nusu ya pili ya sentensi ili kuizuia ya kwanza isiseme zaidi ya alichotaka. Usipoongeza kitu, "used to" itafunga mlango.

Kuna umbo moja la "used to" ambalo wanafunzi wengi hawalitumii kabisa, na nadhani ndilo lenye manufaa kuliko yote: "there used to be". Hii ndiyo "hapa zamani palikuwa na". Mtu anayerudi mtaani kwao baada ya miaka mingi na kukuta ghorofa pale palipokuwa na mwembe atasema "There used to be a mango tree here". Wengi wetu huandika "Before, here was a mango tree", sentensi inayoeleweka lakini inayochechemea. Kiingereza hakipendi kuanza na mahali kama Kiswahili kinavyoweza kusema "hapa palikuwa". Anza na "there used to be", taja kitu, kisha mahali.

Lingine la kuiba kutoka kwa wazungumzaji wazawa ni "used to" inayoishia njiani, bila kitenzi. Ukiulizwa "Do you play football?" na uliacha siku nyingi, jibu zuri kuliko yote ni maneno matatu: "I used to." Ukilinganisha leo na zamani, unasema "I eat less meat than I used to" au "He doesn't laugh like he used to". Katika mtihani wa kuzungumza kama IELTS, ambako maswali ya utotoni na ya mambo yaliyobadilika ni ya kawaida, mtahiniwa anayeweza kukata sentensi hapo bila kuirudia anasikika mwepesi mno ukimlinganisha na yule anayesema "I eat less meat than before I was eating".

"Used to" au wakati uliopita wa kawaida?

Hili ndilo swali ambalo vitabu hulipitia juujuu, na ndilo linalowasumbua watu walioshajua mengine yote. Ikiwa "I used to live in Tanga" na "I lived in Tanga" zote ni za zamani, uchukue ipi?

Mara nyingi zote mbili zinafaa, na tofauti ni ya msisitizo. Lakini kuna mahali "used to" inakataa kabisa, nako ni penye hesabu iliyofungwa: idadi ya mara, muda wenye mwanzo na mwisho, au jambo lililotokea mara moja. Rudi kwenye Congo. Unaweza kusema "Congo used to be called Zaire". Ukitaka kutaja miaka yenyewe, badilisha kitenzi: "Congo was called Zaire from 1971 to 1997". Ukiandika "used to be called Zaire from 1971 to 1997", msomaji mzawa atahisi kuna kitu kimekwama, kwa sababu "used to" huchora zamani isiyo na mipaka na wewe umeiwekea uzio.

Vivyo hivyo husemi "I used to live in Tanga for five years". Sema "I lived in Tanga for five years". Husemi "I used to visit Mombasa three times". Sema "I visited Mombasa three times". Lakini "I used to visit Mombasa three times a year" ni sawa kabisa. Tofauti iko wapi, wakati zote zina namba tatu? "Mara tatu" ni jumla, imeshahesabiwa ikafungwa. "Mara tatu kwa mwaka" ni mwendo, mzunguko uliokuwa ukijirudia bila kuambiwa ulidumu miaka mingapi. "Used to" hupenda mwendo na huchukia jumla. Ukishika hilo, hutahitaji kanuni nyingine yoyote juu ya namba.

Na matukio ya mara moja usiyaguse nayo. "I used to break my leg in 2016" humfanya msikilizaji afikiri mwaka ule ulikuwa ukiuvunja mguu kila mwezi.

Mtu aliyezoea

Sasa "be used to". Hapa "used" si kitenzi tena, ni sifa, kama "tired" au "afraid". Ndiyo maana inahitaji "am", "is", "are", "was" au "were" mbele yake, na ndiyo maana inaweza kukaa katika wakati wowote: "she is used to it", "she was used to it", "she will be used to it". Na "to" yake ni ile "to" ya kuelekea kitu, ile ya "I went to the market". Baada yake huja nomino au, kama ni tendo, kitenzi chenye -ing.

Hiyo -ing ndiyo inayowashinda wengi, kwa sababu tumefundishwa tangu darasa la tatu kwamba baada ya "to" kitenzi huwa kitupu: "to go", "to eat", "to sleep". Kuna jaribio la haraka. Weka "it" mahali pa maneno yote yanayofuata "to". Kama sentensi inasimama, hiyo "to" inataka nomino au -ing. "I am used to it" inasimama. "I used to it" inaanguka palepale. Kwa hiyo "I am used to waking up early", lakini "I used to wake up early". Jaribio hilohilo litakuokoa kwenye sentensi nyingine inayoharibu barua nyingi za maombi, ile ya mwisho kabisa: "I look forward to it" inasimama, basi ni "I look forward to hearing from you", wala si "to hear from you".

Ziweke sambamba uone:

"My aunt used to cook for fifty people." Shangazi alikuwa akipikia watu hamsini, sasa hapiki tena kwa wingi huo.

"My aunt is used to cooking for fifty people." Mpe sufuria kubwa na mchele, watu hamsini hawamtishi.

Kama unamtafuta mtu wa kupika kwenye harusi, shangazi wa sentensi ya pili ndiye wa kumpigia simu. Wa kwanza itabidi kwanza umuulize kama bado yupo kwenye shughuli hizo.

Katika usaili wa kazi, "I am used to" ni sahihi kisarufi, lakini mimi binafsi ningeitumia kwa kipimo. "I am used to working under pressure" ni sentensi ambayo kila mwombaji anaiandika, na "I am used to long hours" ina mwangwi wa mtu aliyevumilia mpaka akazoea shida. Kiingereza, kama Kiswahili, hutumia neno la kuzoea zaidi kwa mambo yasiyopendeza: baridi, kelele, foleni, bosi mkali. Hatusemi "nimezoea kula biriani" ila kwa utani au kwa majivuno. Kama unachotaja ni ujuzi, tumia maneno ya ujuzi: "I have worked with Excel for years", "I am comfortable driving at night", "I am familiar with hospital procedures". "Be used to" ibaki kwa mazingira: saa za kazi, hali ya hewa, aina ya wateja.

Ukitaka kusimulia safari ya kutoka kutozoea hadi kuzoea, badilisha "be" uweke "get". "I am getting used to the cold" ni naanza kuizoea baridi. "I got used to the cold" ni niliizoea. Wamarekani husema "I have gotten used to it", Waingereza "I have got used to it". "Sijazoea" ina milango miwili: "I am not used to it" kama unaeleza hali tu, "I haven't got used to it yet" kama unataka isikike kwamba bado unajitahidi. Mgeni aliyefika Minneapolis, Marekani, mwezi Januari, akilalamikia baridi mbele ya wenyeji, atajibiwa "You'll get used to it", yaani "utazoea", na kwa Kiingereza maneno hayo yana faraja ileile haba kama yetu.

Sikio linapodanganywa

Kwa matamshi, "I used to" na "I'm used to" zinakaribia kufanana. Zote mbili husikika kama "yuusta", kwa "s" na si "z", na ile "d" iliyoandikwa humezwa na "t" inayofuata. Tofauti yote ya mwanzo imebebwa na sauti moja ndogo: "m" ya "I'm", "s" ya "he's", "they're" inayopita kama upepo. Anayesikiliza kwenye simu yenye mtandao mbovu hataipata. Afadhali subiri kinachofuata. Ukisikia kitenzi kitupu, ni jambo la zamani. Ukisikia -ing, nomino au "it", ni mazoea. "He used to shout" na "he's used to shouting" zinatengana mwishoni, si mwanzoni.

Ile ya tatu, ya chombo, ina sauti yake. "A hoe is used to dig" hutamkwa kwa "z", "yuuzd", kwa sababu ni kitenzi "use", kutumia, katika hali ya kutendwa. Haina uhusiano na zamani wala na mazoea: jembe hutumika kulimia. Hii haihitaji maelezo mengi, ila moja: kama umeandika "am used to" na baada yake kitenzi kitupu, umeangukia hapa bila kukusudia. "I am used to clean the office" ni "mimi hutumiwa kusafisha ofisi". Kama ni kazi uliyoifanya zamani, futa "am". Kama ni mazoea, ongeza -ing.

"Would" ya masimulizi

Waandishi wa Kiingereza wanaposimulia utoto hawarudii "used to" kwenye kila sentensi. Huanza nayo mara moja, kisha huhamia "would": "We used to spend the holidays in Lushoto. My grandmother would wake us before dawn, and we would carry water from the stream." Kwa Kiswahili hapo tunafanya kitu kinachofanana, tunaanza na "tulikuwa tukienda" kisha tunateremka na "bibi akituamsha, tukichota maji". Ukitaka masimulizi yako ya Kiingereza yasome vizuri, fuata mtiririko huo.

Ila "would" ina masharti mawili ambayo "used to" haina. La kwanza, inahitaji msikilizaji awe ameshajua kwamba tupo zamani. Ukianza ghafla na "My grandmother would wake us before dawn", mtu anaweza kusubiri "if", akidhani unasema angetuamsha kama hivi au vile. La pili, "would" hubeba matendo yanayojirudia tu, haibebi hali. Kuamsha, kuchota, kuimba, sawa. Kuwa, kukaa mahali, kumiliki, kupenda, kujua, hapana. "Lagos used to be the capital" haigeuki ikawa "Lagos would be the capital". Hiyo ni habari nyingine kabisa, ya kitu ambacho kingekuwa au kitakachokuja kuwa. "We used to have a cow" haigeuki "we would have a cow". Ukisita, rudi kwenye "used to". Yenyewe hubeba tendo na hali pia, na kosa lake pekee likirudiwa ni kuchosha.

"Huwa" yetu isiyo na nafasi

Kosa lililoenea sana Afrika Mashariki ni hili: "I use to wake up at six", mtu akikusudia "huwa naamka saa kumi na mbili". Tumepata wapi hiyo? Nafikiri ni hesabu ya kawaida ya akili: kama "used to" ni mazoea ya zamani, basi "use to" lazima iwe mazoea ya sasa. Hesabu nzuri, jibu baya. Kiingereza cha leo hakina "use to" ya wakati uliopo. "Huwa" na hu- ya "huamka" ni kazi ya "usually" au "normally", au kitenzi cha wakati uliopo peke yake: "I usually wake up at six", "I wake up at six".

Jambo la kuchekesha ni kwamba Waingereza wa zamani wangetuelewa. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, katika Zaburi ya 119 mstari wa 132, inamwambia Mungu "as thou usest to do unto those that love thy name", yaani kama ufanyavyo siku zote kwa walipendao jina lako. Wakati uliopo kabisa. Umbo hilo likafa, likabaki la zamani peke yake. Asiyetaka kuandika kama wa karne ya 17 aandike "usually".

"Did you use to" au "did you used to"?

Kwenye swali na ukanushi "did" huingia, na "did" inapoingia hubeba wakati uliopita peke yake. Kwa hiyo "Did you use to live here?" na "I didn't use to like fish", bila "d". Kwa kuwa matamshi ni yaleyale, hata wazawa wengi huandika "did you used to", na utaikuta magazetini. Kwenye mtihani na barua ya kikazi nashauri uiache "d" hiyo. Hakuna msahihishaji atakayekukata alama kwa "did you use to", ila kwa ile nyingine wapo.

Angalia pia ukanushi wake unasema nini. "I didn't use to like fish" haimaanishi tu kwamba zamani hukupenda samaki. Inamaanisha siku hizi unawala. Ukitaka sentensi isikike ya asili zaidi na ukwepe kabisa ugomvi wa "d", tumia "never": "I never used to like fish." Ndivyo wanavyosema wenyewe mezani. Ile "used not to" ya vitabu vya zamani bado ni halali, lakini ukiisema leo mtaani London watakutazama kana kwamba umevaa kofia ya babu.

Na usichanganye ukanushi huu na wa kuzoea. "I didn't use to eat fish" ni zamani sikuwa nakula samaki. "I wasn't used to eating fish" ni nilikuwa sijazoea kula samaki, na huenda siku ile niliwala hivyohivyo, kwa heshima ya aliyenipikia.